Msailiwa namba 7 na muhtasari wenye makosa matano

Mkurugenzi wa mji kwetu Tanzania huteuliwa na Rais. Hakai mbele ya meza ya wasaili. Anayekaa hapo ni mtendaji wa kijiji na mtendaji wa mtaa, mtu wa ngazi ya chini kabisa ya halmashauri, lakini ndiye mwananchi anayemfahamu kwa sura. Barua ya utambulisho unaichukua kwake. Mkutano anauitisha yeye, mhuri anao yeye, na ugomvi wa mpaka wa shamba unamkuta mlangoni hajanywa chai. Ndiyo maana usaili wa Desemba 2019 naukumbuka kipengele kwa kipengele, ingawa ulikuwa wa nafasi tatu tu za mtendaji wa kijiji.

Ilikuwa halmashauri moja ya mji kando ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Halmashauri zetu za miji si mji mtupu. Ukitoka stendi kilomita chache unakuta vijiji kamili, vyenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake. Vijiji vitatu vyenye nafasi hizo vilikuwa pembezoni kabisa, mahali ambapo mashamba ya viazi na mahindi yalishaanza kukatwa viwanja. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umefanyika 24 Novemba, wenyeviti wapya wameapishwa, na vijiji vyote vitatu havikuwa na mtendaji. Kimoja kilikaimiwa na afisa ugani, viwili na walimu. Upungufu huo ulianza 2017 kwenye uhakiki wa vyeti, pamoja na lile sharti la elimu ya kidato cha nne kwa walioajiriwa baada ya 20 Mei 2004. Watendaji wengi wa darasa la saba waliondolewa, na vibali vya kujaza nafasi zao vikawa vinakuja kwa mafungu madogo madogo.

Tangazo lilikuwa la kawaida: Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, ngazi ya mshahara TGS B, kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha au fani inayofanana na hizo, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Walioandika mtihani wa mchujo walikuwa 64. Tukachukua 9 wa juu, watatu kwa kila nafasi.

Kazi ya kwanza asubuhi ni vyeti halisi, na hapo ndipo machozi hutoka kabla hata ya swali la kwanza. Tatizo kubwa si vyeti vya kughushi. Ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, cha chuo kimeongezwa jina la babu. Dawa yake ni hati ya kiapo iliyoandaliwa mapema kwa wakili au mahakamani, si maelezo ya mdomo mlangoni. Mwingine huja na karatasi ya matokeo badala ya cheti, na tangazo lilishasema haipokelewi. Siku hiyo mmoja alirudishwa kwa sababu hiyo. Alikuwa amesafiri kutoka mbali na amelala nyumba ya wageni kwa hela yake. Nafasi yake ilichukuliwa na wa kumi kwenye orodha ya mchujo, aliyekuwa amepigiwa simu jana yake akae tayari. Ukiwaita watu tisa kwa usaili wa tisa, muweke na wa kumi karibu.

Wasaili tulikuwa wanne: mwenyekiti wa jopo aliyetoka ofisi ya mkoa, mwanasheria, afisa anayesimamia serikali za mitaa, na mimi upande wa utumishi. Alama 100 zilipangwa hivi: kujieleza 10, sheria na majukumu 30, waraka 20, hali halisi 30, mwenendo na maswali ya msailiwa mwenyewe 10. Kila mmoja dakika 25, halafu dakika 5 za kuandika alama bila kusemezana. Mwongozo wa majibu tulisaini wote wanne asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kuingia, ukafungwa kwenye bahasha. Simu za wasailiwa zilikusanywa, na aliyemaliza alitokea mlango wa nyuma asikutane na wanaosubiri. Hili la mlango watu hulidharau. Usipolifanya, msailiwa wa nne anaingia anajua maswali yote, na yule wa kwanza ndiye anayekuwa ameonewa.

Swali la majukumu ndilo dhaifu kuliko yote, na bado tunaliuliza kila mwaka. Majukumu yameandikwa kwenye tangazo lenyewe. Kila mtu anayamwaga kama sala: afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, katibu wa vikao vyote, mlinzi wa amani na mali, mtunza kumbukumbu. Tofauti inaanza ukiuliza swali la pili. Umesema katibu wa vikao. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya muda gani? Miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi? Si chini ya 15, si zaidi ya 25. Baraza la ardhi la kijiji? Saba, na kati yao watatu wanawake. Hapo wengine walianza kutaja mtaa na kijiji kana kwamba ni kitu kimoja.

Waraka ndio niliokuwa na hamu nao. Tulichukua muhtasari halisi wa kikao cha halmashauri ya kijiji, wa zamani, kurasa mbili, tukafuta majina na kuuchapa upya, tukapandikiza makosa matano. La kwanza, wajumbe 25, waliohudhuria 11, na kikao kikaendelea. La pili, kwenye taarifa ya fedha mapato yalikuwa shilingi 1,240,000, matumizi 875,500, na baki ikaandikwa 374,500. La tatu, sehemu ya makusanyo ilitumika kununua karatasi na posho kabla ya kupelekwa benki. Ndiyo tunayoiita kutumia fedha mbichi, na imewamaliza watendaji wengi kuliko wizi wenyewe, maana wengi huanza kwa nia njema, wakisema nitarudisha Ijumaa. La nne, ombi la ekari 12 za ardhi lilipitishwa chini ya ajenda ya mengineyo, bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. La tano, mwenyekiti amesaini, katibu hajasaini. Kosa moja alama 4. Dakika 6 za kusoma kwa kalamu nyekundu, halafu unaeleza.

Hadi msailiwa wa sita, aliyefanya vizuri zaidi alikuwa ameona matatu. Karibu wote waliona saini, kwa sababu pengo la mwisho wa karatasi halijifichi. Wawili tu waligusa ardhi. Hesabu ya kutoa hakuna aliyeirudia, wote waliamini kilichochapwa. Na hiyo ndiyo hesabu ambayo mtendaji anaisoma mbele ya wananchi kila robo mwaka, mzee mmoja anainuka nyuma na kikokotoo cha simu, na mkutano unavunjika.

Namba 7 aliingia saa nane kasoro. Binti wa miaka 25 au 26, sweta la kijivu juu ya gauni, viatu vimefutwa lakini tope la pembeni halijatoka. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tangu saa sita. Akasimama nyuma ya kiti.

“Shikamooni.”

“Marahaba. Karibu ukae, binti.”

Alijieleza kwa sentensi tano hivi, sauti ndogo, mikono mapajani. Mwenyekiti alimwomba apaze sauti, akapaza kidogo, ikashuka tena. Kwenye majukumu alikuwa wa kawaida. Alisahau mambo mawili ya ulinzi na usalama, akayakumbuka akiwa ameshaenda swali lingine, akaomba kurudi nyuma. Nikaandika 20 kati ya 30.

Akapewa waraka. Wengine wote waliusoma kuanzia juu. Yeye aliupindua kwanza, akatazama saini, akarudi ukurasa wa kwanza kwenye kichwa, akaweka kidole gumba pale. Kisha akasoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye fedha aligeuza karatasi na kuandika kutoa kwa mkono, tarakimu chini ya tarakimu, pembeni kabisa. 364,500. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Alipoanza kueleza alitaja akidi, hesabu, ardhi, saini ya katibu. Manne. Fedha mbichi hakuiona, na nilisikitika, kwa kuwa ilikuwa mistari miwili tu juu ya hesabu aliyoirudia. Tukadhani amemaliza. Akasema, “Na hii tarehe.”

“Tarehe ipi?”

“Kikao kimeandikwa kimefanyika tarehe 14. Mwenyekiti amesaini tarehe 12.”

Mwanasheria alivuta nakala yake. Mimi nikavuta yangu. Ni kweli, saini ilitangulia kikao kwa siku mbili. Hatukuwa tumelipandikiza hilo. Lilikuwemo kwenye muhtasari wa asili, likapita kwenye mikono ya aliyeuandika, ya waliouthibitisha, ya aliyeupokea kata, na ya sisi wanne tuliokaa nao wiki nzima tukiutafutia makosa ya kuweka. Mwenyekiti alimuuliza maana yake nini. Akajibu kwamba aidha ni kosa la kalamu, aidha muhtasari uliandikwa kabla watu hawajakaa, na kwamba kwa kuwa ndani yake kuna ekari 12, yeye asingeupeleka kata mpaka amwone mwenyekiti na kitabu cha mahudhurio.

Swali la hali halisi lilikuwa la kwetu kabisa. Ni saa kumi na mbili jioni, fuso la viazi limesimama kwenye kizuizi cha kijiji, magunia ni lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, mashine ya kukusanyia ushuru imeisha chaji, na dereva anakuwekea elfu hamsini mkononi akisema risiti utanitumia kesho. Utafanya nini? Waliotangulia wengi walisema watampiga faini papo hapo. Mtendaji hana faini ya kujitungia barabarani. Faini lazima iwe na sheria ndogo nyuma yake, na fedha yoyote lazima iwe na risiti. Mmoja alisema atapokea na kuandika kwenye daftari, jambo ambalo ndilo kaburi lenyewe.

Huyu aliuliza kwanza: mzigo ni wa mkulima au wa mfanyabiashara, tani ngapi, na unatoka nje ya halmashauri? Ni maswali yenyewe. Tangu 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda halmashauri nyingine hadaiwi. Tukamwambia ni wa mfanyabiashara, fuso limejaa. Akasema hela haipokei. Anampigia mtendaji wa kata na mhasibu wa mapato ili aletewe mashine ya kijiji cha jirani, na huku nyuma anaweka ile ya kwake kwenye chaji dukani. Lumbesa je? Gunia kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, na mwenye mamlaka ya vipimo ni Wakala wa Vipimo, hivyo anatoa taarifa huko na kuandika namba ya gari. Halafu akaongeza kwamba mwenye kuumia na lumbesa si halmashauri, ni mkulima anayelipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu, na kwamba kulizuia barabarani ni kuchelewa. Linazuiwa shambani, kwa kijiji kuwa na mizani yake.

Mwisho tukampa nafasi ya kuuliza. Wengi huuliza mshahara au lini majibu. Akauliza kama ofisi za vijiji hivyo zina kabati linalofungwa, na ufunguo hukaa kwa nani mtendaji anapokuwa likizo. Afisa wa serikali za mitaa alimjibu ukweli: kijiji kimoja kinalo, viwili havina. Akashukuru, akaaga, akaelekezwa mlango wa nyuma.

Alama zilisomwa jioni. Za wenzangu na zangu kwake zilikuwa 71, 66, 58 na 75. Asubuhi tulikubaliana kwamba tofauti ikizidi 15 kati ya msaili na msaili, wahusika waeleze kwa maandishi. Hapa ilikuwa 17. Mwenzetu wa 58 aliandika: sauti ndogo, hatamudu mkutano. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mkutano mkuu hufanyika chini ya mti, watu mia tatu, bila kipaza sauti, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwa mkali kuliko wote. Nimeona mtendaji anayejua kila kifungu akizomewa mpaka anakaa chini. Lakini sauti ilikuwa na sehemu yake, kujieleza, alama 10, na pale alikuwa ameshampa 3. Tulipopitia kipengele kwa kipengele tukakuta kwenye hali halisi amempa 15 ambapo sisi wengine tulimpa 22 na zaidi, kwa majibu yaleyale. Hilo ndilo linaloharibu usaili mwingi kuliko upendeleo wa makusudi. Alama ya kipengele kimoja humwagikia kwenye vingine, hasa ukiziandika zote kwa pamoja mwishoni ukiwa umechoka. Tangu siku hiyo mimi huandika alama ya kipengele kabla swali linalofuata halijaulizwa, na karatasi naigeuza. Mwenzetu alisoma tena, akasema anabaki na 58. Ni haki yake. Mwenyekiti wa jopo hana mamlaka ya kumshika mkono.

Likaja la tarehe. Mwanasheria alipendekeza aongezewe alama 4 kwa kosa la sita. Mwenyekiti alikataa. Mwongozo ulisainiwa asubuhi una makosa matano, na ukiufungua mchana kwa ajili ya mtu mmoja, kesho unaufungua kwa ajili ya mtoto wa mtu. Nilikubaliana naye, na iliniuma kukubaliana naye, kwa sababu jambo bora lililosemwa chumbani siku ile lilipata sifuri, na karatasi iliyolipa sifuri niliiandaa mimi. Tangu hapo kwenye waraka huwa naweka makosa manne ya alama 4 kila moja, na alama 4 za kosa lolote la kweli ambalo wasaili hawakuliorodhesha.

Wastani wake ulikuwa 67.5. Wa tatu alikuwa na 68.25. Nafasi zilikuwa tatu.

Jina lake likaingia kwenye kanzidata ya waliofaulu wakakosa nafasi. Matokeo yalibandikwa kwenye mbao za matangazo kabla ya Krismasi, na barua za ajira zikatoka zikimtaka kila mmoja aripoti ndani ya siku 14. Wawili waliripoti. Mmoja hakuripoti, alishapata kazi kwingine, na mpaka hilo linathibitishwa kwa maandishi Januari ilikuwa inaisha. Utaratibu hapo unajulikana, anaitwa anayefuata. Tukapiga namba aliyoandika kwenye barua yake ya maombi. Haipatikani. Tukapiga siku tatu, asubuhi na jioni. Ndipo msaidizi wa masjala akakumbusha: tangu 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zimeanza kufungwa, na vijijini wengi hawakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ya kusajilia.

Tangazo lilikuwa limetaka wadhamini watatu wenye simu. Wa kwanza hakupatikana naye. Wa pili alipokea, mwalimu mstaafu, akasema binti yuko shambani anapalilia na kwamba atamtuma mjukuu kwa baiskeli. Saa kumi na moja jioni simu ya mwalimu ikapigwa ofisini, na sauti ile ndogo ikasalimia. Nikamsomea tarehe ya kuripoti na vyeti vya kuja navyo. Akaomba nirudie tarehe, nikairudia, nikasikia kalamu ikiandika. Kisha akauliza ni kijiji kipi kati ya vile vitatu, chenye kabati au kisicho na kabati.